Safari ya Siyu Kumwona Mke Mwenza

Watu wa Shela mmeniuliza sana nilikwenda Siyu kufanya nini, mtu nisiye na jamaa huko wala shamba. Niliwajibu kwamba nakwenda kutazama mikeka. Ulikuwa uongo. Nilipelekwa na wivu, na sasa nitawasimulia safari yote, kituo kwa kituo. Mwenyewe mume wangu amenikubalia niandike. Majina tu ndiyo nimegeuza.

Mume wangu, tumwite Bakari, ni askari. Kikosi chake kilipelekwa ng'ambo kulinda amani katika nchi ambayo amani yenyewe haijafika, watu bado wanapigana. Kabla ya jeshi alisoma miaka miwili Siyu, katika chuo kidogo cha kuchonga milango, kwa Mwalimu Shee. Huko kambini mtandao hufunguliwa Ijumaa tu, baada ya sala. Kila Ijumaa mimi hupata sauti yake ya kurekodi, ya nusu dakika: salama huko, mtoto mzima, huku salama, joto tu, haya. Nami humjibu kwamba ni salama, sote wazima, alhamdulillahi.

Haikuwa kweli. Alipokuja likizo mara ya mwisho aliniacha na mimba. Sikumwambia, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Nilingoja ikae vizuri. Ilipofika mwezi wa nne ikatoka. Mama akanikataza kusema neno. Aliye vitani hapelekewi msiba, alisema, akili ikimruka itamponza. Nikasema salama. Baada ya miezi miwili Bakari akaniuliza kama aongeze mwaka mwingine huko, kwa kuwa wanaotaka walitakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Moyo ulisema arudi. Mdomo ukasema, "Fanya unaloona lina kheri, huku ni salama." Nilitaka aseme mwenyewe kwamba anarudi, bila kuombwa. Alisema, "Haya," na nusu dakika yangu ikaisha.

Jumatano moja mwezi huo huo, Amu, mjini Lamu. Nilikwenda kwa Bi Rukia, mwenye duka la kutoa nakala, kutengeneza karatasi za shule za mtoto. Mashine yake ilikuwa inatoa kurasa za mtu mwingine, picha za daftari lililoandikwa kwa mkono. Hati ile naijua. Ndiyo iliyoandika barua za posa yangu.

"Za nani hizi?" niliuliza.

"Za Mwalimu Shee wa Siyu," alisema Bi Rukia. Hakujua mimi ni mke wa nani. "Hunitumia kwa simu nimtolee, mato yake hayawezi tena kusoma kwenye kioo. Kuna askari mmoya alisoma chuoni kwake, huwaandikia kulla mwezi." Akazihesabu. "Saba yeo. Mwezi uliopita zalikuwa tisa."

Kurasa tisa! Mimi, niliyemzalia mtoto, nusu dakika. Chuo, kurasa tisa. Angekuwa mwanamke ningejua pa kumshika, lakini chuo utakishika wapi? Nikajisikia nikisema kwamba Jumamosi nina safari ya Siyu, naweza kuifikisha barua. Bi Rukia alizitia kurasa ndani ya bahasha, akaifunga kwa pini tatu, akanitazama. "Amana hiyo, Bi Zuhura."

"Najua," nikasema.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, gati la Amu. Mtoto nilimwacha kwa mama, na kazini kwenye nyumba ya wageni niliomba siku mbili. Boti ilijaa magunia ya unga, kreti za soda na godoro moja jipya ambalo mwenyewe hakutaka liguswe. Nahodha alikuwa na haraka ya kuuwahi Mkanda, mfereji ule kati ya Manda na bara, kwa sababu maji yakitoka boti hukwama kwenye tope na abiria mkakaa mkitazamana hadi yajae tena.

Niliketi na mwanamke wa makamo aliyekumbatia jiko jipya la makaa. Aliniuliza nakwenda Siyu kwa nani. Sikutaka kusema uongo mwingine.

"Kwa mke mwenza."

"Mungu akupe subira. Ni mzuri?"

"Sijamwona. Lakini huandikiwa barua ndefu."

"Basi usile kwake," alisema, akalirekebisha jiko lake mapajani.

Tulipoingia Mkanda mashine ilipunguzwa, mikoko ikawa karibu huku na huku. Hapo ndipo bahasha ilipoanza kunisumbua. Mara mbili nilitia mkono mkobani. Mara ya pili nilifika kuinua mguu mmoja wa pini kwa ukucha. Msinisifu kwa kuacha. Sikuacha kwa uchaji Mungu, niliacha kwa woga: niliogopa kukuta jina la mwanamke, na niliogopa zaidi kukuta kurasa saba ambazo mimi simo kabisa.

Saa tano, Mtangawanda. Boti huishia hapo, Siyu ni mbele zaidi kwa nchi kavu. Nilipanda pikipiki, buibui nimelikusanya, mkoba nimeukumbatia. Njia ni nyembamba na ina mchanga, pikipiki ikazama mara kwa mara nikashuka kuisukuma. Ukiwa na wivu hata mashamba ya watu huyaoni vizuri. Nakumbuka minazi, nakumbuka punda wawili waliokataa kutupisha, na kisha ngome ya Siyu ikatokea na tukawa tumefika.

Saa sita, Siyu. Chuo chenyewe ni nyumba moja ya mawe: nusu karakana, nusu nyumba ya Mwalimu Shee na mkewe, Bi Khadija, na katikati kuna ua. Nilipiga hodi upande wa nyumbani. Nilipojitambulisha kuwa mke wa Bakari, Bi Khadija alinishika mikono yote miwili, akinivuta ndani.

"Bakari wetu? Ndoo ndani mwanangu, ndoo. Ndia imekutesa."

Wetu. Neno lile lilinichoma, ingawa mama wa watu alilisema kwa mapenzi matupu. Alinionyesha karakana wakati wanafunzi wamekwenda kusali. Ukutani kulikuwa na picha ya Bakari akiwa na sare, picha ambayo mimi sina. Chini yake palikuwa na benchi tupu. "Hapa hakai mtu," alisema Bi Khadija, na akanionyesha patasi zake zilizopangwa kwa ukubwa, zimepakwa mafuta zisipate kutu. Nguo za Bakari kule Shela nilizitia sandukuni tangu alipoondoka, na sijui kama hazijaliwa na mende.

Akaleta wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nilikumbuka wosia wa yule mwanamke wa botini. Nilishikilia kiburi kwa muda wa kunawa mikono tu, kisha nikala, na nikaongezwa.

Baada ya sala ya Alasiri. Mwalimu Shee alirudi, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao nyusini. Aliipokea bahasha, akazitazama pini, akaniona mimi nikizitazama pini.

"Hukufungua," alisema.

"Ni amana."

"Mungu akulipe. Barua hizi huwasomea wanafunzi. Zina ufundi, na zina dunia. Wewe keti hapo kwa Bi Khadija, dirisha li wazi."

Basi nikaketi jikoni, nikamsikiliza mume wangu akizungumza kwa sauti ya mzee wa Siyu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu, kila mwanafunzi kwa jina lake. Wa pili na wa tatu ilikuwa habari ya patasi. Bakari alikuwa anachonga kifuniko kwa ubao wa sanduku la risasi, na ubao ule laini ulikuwa unachanika kwenye pembe za maua. Je, Mwalimu, nishike patasi chini zaidi, au ninoe upya? Patasi ilipata kurasa mbili. Bi Khadija alikuwa anachagua mchele, akanitupia jicho, akaendelea kuchagua.

Kisha ukaja ukurasa wa nne. "Wiki iliyopita walipiga karibu na sisi," Mwalimu alisoma. "Nililala kifudifudi, kinywa kimejaa vumbi, nikawa nauchonga kichwani mlango tuliouchonga pamoja, jani moja moja, kutoka chini kwenda juu. Nilipofika juu kukawa kimya. Mwenzangu wa kushoto hakuinuka."

Mimi nilikuwa nahesabu siku. Wiki ile niliambiwa, "Huku salama, joto tu." Machozi yalinitoka, na sitaki kuwadanganya kuwa yalikuwa ya huruma peke yake. Nilimwonea uchungu, na papo hapo niliwaonea kijicho wale wavulana wanane kwa kuwa wao walistahili kuambiwa.

Mwalimu alisoma wa tano. Aliufungua wa sita, akasoma kimya mistari miwili, akainua uso kulitazama dirisha la jikoni. Akakunja kurasa mbili zilizobaki akazitia mfukoni mwa kanzu. "Hizi si zenu," aliwaambia wanafunzi. "Rudini kazini."

Sikungoja kuitwa. Nilimkuta uani, mkewe akinifuata nyuma.

"Mwalimu, nipe hizo mbili."

"Sikupi."

"Ni mume wangu."

"Ni mume wako, na barua ni yangu. Hukuifungua ndiani, usinifungulishe mimi hapa." Hakuwa mkali. Alinivutia kigoda, naye akaketi kwenye gogo. "Lakini humu nimeulizwa suala, na suala lakuhusu. Bakari asema miezi miwili nyuma sauti yako iligeuka. Alikuuliza, ukasema mafua. Asema mafua yako ayajua, hayako hivyo. Aniomba n'ende Shela, n'kutazame, nimwandikie ukweli una nini."

Nilivuta buibui usoni.

"Na asema hivi," aliendelea. "Kama ni salama kweli, atatia sahihi mwaka mwengine. Nyumba iliyo salama bila yeye yaweza kumngoja."

"Kwa nini akuulize wewe?" Nilisema kwa hasira, nakiri. "Mimi nina simu. Mimi ndiye mkewe."

"Kwa sababu mimi paa likivuja humwambia lavuja. Fundi Ali alipokufa, nilimwandikia siku ya pili. Wewe ulimwambia lini?"

Sikumwambia kabisa. Fundi Ali alikuwa rafiki yake, na mimi niliposikia nilisema afadhali asijue, yuko mbali.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema Bi Khadija kwa upole. Hakujua amenigusa wapi. Niliinama nikashika tumbo kama mtu aliyepigwa.

Mwalimu aliniacha nitulie, kisha akauliza, "Basi nimwandikie nini?"

Habari ilikuwa mdomoni. Wale walikuwa watu wema, ningewaambia wakalia pamoja nami. Lakini nikaiona ile habari yangu ikiandikwa kwa hati ya Mwalimu, ikisafiri kutoka Siyu, na Bakari akiipokea kutoka chuoni pamoja na majibu ya patasi. Hata. Kila kitu cha mume wangu chuo kilikuwa kimekipata kwanza, hiki hakitakipata.

"Mwandikie kwamba jibu liko kwangu, na nitampa mwenyewe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Hilo ni jibu madhubuti," akasema.

Jumapili, baada ya Alfajiri. Nilimwomba Bi Khadija daftari na kalamu, nikaketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Kwa sauti nisingeweza. Najijua, ningeanza na salama na kuishia na salama, mdomo umeshazoea. Mkono haukuwa na mazoea hayo. Niliandika mimba, mwezi wa nne, damu, mama na maji ya moto. Niliandika kwamba nimemkasirikia kwa nusu dakika zake, na kwamba nakionea wivu chuo cha watu wasionikosea kitu. Kisha nikaandika neno ambalo tangu aondoke sikuwahi kulisema: rudi. Nilizipiga picha kurasa zote nikazituma. Ikatokea alama moja ya kijivu, ya ujumbe usiofika bado, na ikabaki moja.

Saa nne nilikuwa kwenye boti nikirudi Amu. Mkanda ulikuwa na maji ya kutosha, nahodha akawa anaimba. Mimi nilikuwa natazama alama ile moja, ingawa nilijua vizuri kwamba haitakuwa mbili mpaka Ijumaa, na Ijumaa ile ndiyo ya mwisho kabla ya sahihi.

Nilichojifunza Siyu si kikubwa. Tumefundishwa kujibu njema kwanza, hata nyumba ikiwaka, kisha ndipo tuseme ya moto. Ni adabu nzuri. Kosa langu ni kwamba niliishia kwenye njema, na mume wangu akafanya vivyo hivyo kutoka upande wake, tukawa tunabishiana hodi na karibu mlangoni bila mtu kuingia ndani. Chuo kilimpata kwa kuwa kilimwambia ya kweli. Wivu wangu haukuniambia hilo, lakini ndio uliolipa nauli.

Ijumaa, Shela. Nilikuwa kazini nakunja mashuka. Simu ililia baada ya sala, na haikuwa sauti ya kurekodi, alikuwa yeye mwenyewe. Hakuuliza kama ni salama.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kiume."

"Mmemzika wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya mama, penye asumini. Mama alisema hapo hapakanyagwi."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake watu wengine wakizungumza lugha nisiyoijua. Nilishika shuka kwa mikono miwili, simu nimeibana begani.

"Fomu sikutia mkono," alisema. "Mwezi ukiisha nakuya. Unipeleke penye asumini, wewe mwenyewe, si mama." Kisha akaongeza, "Na Siyu usiwambie kwanda. Kwanda, jambo hili ni letu sisi wawili."

Mungu anisamehe, katika msiba ule nilifurahi.