Nilipaka Chokaa Juu ya Ufa

Tarehe nne, mwezi wa pili, mwaka 1955, nilipoteza mke wangu. Ukuta wa nyumba yetu ulimwangukia. Watu walisema ni mvua. Hapana! Ni mimi. Kwa padri nimekwisha kusema, lakini moyo haujatulia, ndiyo maana nakuambia na wewe unayesoma.

Nyumba zote za mtaa wetu, hapa Élisabethville, zilijengwa kwa matofali ya tanuru moja. Udongo ulikuwa wa kichuguu, udongo mzuri kabisa, lakini aliyechoma aliweka kuni kidogo. Nje tofali jekundu, ndani bichi. Mvua za mwaka wa pili zilipokuja, kuta zikaanza kupasuka.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba mwenye nyumba ya matofali mabovu atapewa matofali mapya, simenti na fundi. Sharti lilikuwa moja: ajenti wa serikali, Mzungu, apite, aone ufa kwa macho yake, aandike katika kitabu.

Sasa, sisi tumezoea nini? Mzungu akisema anakuja kuangalia nyumba, tunafagia na kupaka chokaa. Ukuta mchafu ni faini, miaka yote ilikuwa hivyo. Nikanunua ndoo mbili za chokaa. Ufa wa chumba cha mbele ulikuwa mpana, kidole kinaingia. Nikauziba kwa udongo, nikapaka juu yake.

Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Kalumba, uko unafanya nini pale?"

"Ajenti anakuya kesho. Unataka aseme tuko bantu bachafu?"

"Acha aone! Ule ufa ndio utatusemea. Ukiuziba, nani atasema?"

Nilimwambia anyamaze, mambo ya ukuta ni ya mwanaume. Ee Mungu, maneno yale!

Papa Ilunga, jirani yetu, akapita, akacheka: "Eh! Nyumba yako imevaa nguo ya komunyo ya kwanza! Padri anakuya saa ngapi?" Nikacheka naye, nikampa ndoo ya pili apake na yake.

Kesho yake ajenti alikuja. Akagonga ukuta kwa nyundo ndogo, akaniuliza kama kuna mahali pamepasuka. Ningeweza kusema pale pale! Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Iko muzuri, Bwana." Si woga wa faini tu. Niliona haya kukwangua chokaa yangu mwenyewe mbele ya watu. Akaandika, akaenda. Nyumba iliyoandikwa nzima haikurudiwa.

Ikanyesha siku tatu. Mimi nilikuwa kazini, kwenye reli. Yeye alikuwa karibu na ukuta ule, anapiga pasi shati langu la Jumapili. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa. Niliokota tofali moja. Upande mmoja chokaa ilikuwa bado nyeupe. Nikalibana, likawa udongo mkononi.

Tangu siku ile sikai kitako. Nikiingia nyumba ya mtu, nagonga ukuta kwa kidole kabla ya kusalimu. Hata kanisani nagonga. Shemeji yangu, ambaye nakaa kwake sasa, anadhani nimepotewa na akili. Labda.

Wewe mwenye ufa, uache wazi, nakuomba! Aone ajenti, waone majirani, wacheke wanavyotaka. Mimi nilikimbia kicheko chao, ona nilipofika.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa Papa Ilunga. Mafundi walikuwa wamemaliza ukuta wake mpya. Nikaugonga. Uko imara. Akaingia ndani, akatoka na ndoo yangu, imejaa, kifuniko hakijafunguliwa.

"Shika chokaa yako. Hatukupaka."

"Kwa nini?"

Akatazama chini.

"Mama Kalumba alikuya siku ile ile, weye ukiwa unapaka. Alituambia tuache."

Nikachukua ndoo, nikaenda nayo.