Sista Dorkasi na Mguu wa Mkwezi

Alizaliwa Magila mwaka 1951, binti wa Kibondei, mtoto ambaye hata kuku akichinjwa yeye hutapika. Ndugu zake walimcheka sana waliposikia anataka utawa na uuguzi kwa pamoja. Aliweka nadhiri, akavaa sare, na kila asubuhi akamwomba Mungu amwondolee kinyaa. Akiwa katika zahanati huko Amani alipenda kusoma habari za tiba za kale, na humo akakuta jambo lililowahi kuwashangaza madaktari wa vitani: majeruhi waliochelewa kuokotwa, vidonda vyao vimejaa mabuu ya nzi, walipona vizuri kuliko wenzao.

Jaribu lake kubwa lilimfikia Tongoni, mwaka 2009. Maulid, mkwezi wa minazi, alikuwa amejikata mguu kwa panga na kidonda kilikuwa kimeoza. Daktari Noa alishasema wazi kwamba mguu utakatwa, na mkwezi asiye na mguu atakula nini? Sista alipofika nyumbani kwao na kufungua kitambaa aliyakuta mabuu tele. Mwatum, mke wa Maulid, aliyekuwa akifukiza udi tangu alfajiri kuficha harufu, alinyakua chupa ya mafuta ya taa ayamwagie.

"Wageni waja kumjulia hali, Sista! Wakiyaona haya, uso wangu n'tauweka wapi?"

"Weka chupa chini, mwanangu. Hawa wanakula kilichooza tu."

Noa alipoelezwa alikubali kusubiri hadi Jumapili. Wageni ndio hawakuambilika. Walichungulia, wakaziba pua, wakarudi mlangoni, na Maulid akageukia ukutani akilia. Mwatum akaiendea tena ile chupa. Ndipo Sista alipoagiza sahani yake ya bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, akaketi kitandani pa mgonjwa, akala yote, akalamba na vidole. Wageni waliona haya, wakaingia, wakakaa. Jumapili nyama ilikuwa nyekundu, safi. Maulid anakwea minazi mpaka leo.

Sista alifariki mwaka 2021. Waombolezaji walisema alijaliwa kutojua kinyaa. Mwatum, aliyekuja na baibui lake hadi nje ya kanisa, alikataa katakata.

"Alipomaliza kula alikwenda nyuma ya jiko, akatapika karibu atoe utumbo. Mie ndiye niliyemshika kichwa. Akanambia, 'Usimwambie mumeo.'"

Kumbe lile ombi la kila asubuhi halikujibiwa hata mara moja. Basi anayetaka kumfuata Sista Dorkasi asingoje moyo mgumu. Aketi kitandani pa mgonjwa, ale.