Siku Niliyomwita Marehemu na Akaitikiwa

Najua mtanicheka, na mcheke tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa siku yenyewe nilitamani sakafu ya ukumbi wa Makongeni ipasuke inimeze na karatasi zangu zote. Mimi Njeri, msichana wa kwanza mtaani kwetu kusomea kompyuta (yalikuwa masomo ya wiki chache tu pale mjini, lakini nani alijua?), nilisimama mbele ya watu wazima nikamwita marehemu kwa majina yake matatu, na mjane wake ameketi safu ya pili ananitazama.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, tunaishi nyumba za reli, na mtaa ulikuwa na chama cha kuzikana, Wakristo na Waislamu pamoja. Mwenyekiti alikuwa Mama Zuhura mwenye duka, mtu wa Pwani, ambaye Kikuyu alikijua kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Katibu wetu alikuwa amestaafu akarudi kwao Ukambani, na Baba, bila hata kuniuliza, akainuka mkutanoni akasema msichana wake ataishika hiyo kazi na majina yote atayatia kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Wazee wakaguna. Mmoja akasema katibu huwa mtu mzima, si mtoto wa mtu. Baba akasema, "Mpeni nafasi moja. Akiharibu, hesabuni nimeharibu mimi." Wakakubali kwamba nitasoma majina kwenye mkutano mkuu, halafu ndipo wapige kura. Basi mjue nilikuwa naitaka ile kazi vibaya sana, na heshima ya Baba ilikuwa imewekwa hapo mezani pamoja na yangu.

Kazini kwetu tulikuwa tunauza vipuri vya magari, na bosi alinikubalia nitumie kompyuta saa ya chakula. Nikaliingiza daftari zima la katibu wa zamani, kisha nikaanza kuwafuta waliokufa na waliojitoa. Programu iliyokuwemo ilikuwa na tabia moja iliyonishangaza mno: ukiiambia ifute mtu, haimfuti. Inamwekea kinyota kando ya jina lake, basi, halafu unaiambia iwe inawaruka wenye vinyota, nayo inawaruka kama haijawahi kuwaona. Ukibadilisha mawazo, unakitoa kinyota na mtu anarudi. Kumfuta kabisa kulikuwa na amri yake nyingine, na hiyo amri sikuitumia, kwa udadisi wangu tu. Nilikuwa nawawekea watu vinyota na kuvitoa, sandwichi mkononi, nikijiuliza hii mashine inamweka wapi mtu ambaye imeambiwa hayupo.

Sasa, wiki ile ile ya mkutano, bosi akanunua kompyuta mpya yenye programu nyingine kabisa. Nikachukua diski yangu nikaitia, programu mpya ikalikataa faili langu. Nikalilazimisha lifunguke hivyo hivyo, na unajua nilichoona? Cha kwanza kabisa kilikuwa alama ya kopa, kama ya karata, kisha nyuso ndogo zinazotabasamu, herufi zenye vipembe, na katikati ya vurugu hiyo yote majina ya majirani zangu. Nilikaa nikitazama hizo nyuso mpaka chai ikapoa. Mtu mwenye akili angeomba msaada, lakini mimi nilitaka kujua mwenyewe, nikajaribu hivi, nikajaribu vile, mwishowe nikagundua kwamba hizi programu mbili zinaelewana kwa kitu kimoja tu, maandishi matupu, mtu mmoja kila mstari. Nikarudi kwenye ile ya zamani, nikaiambia itoe majina yote kwa maandishi matupu, nikayapeleka kwenye mpya, yakaingia bila matata, yakajipanga kwa alfabeti, nikapiga chapa. Nilifurahi hata sikuyasoma. (Kosa lenyewe ndilo hilo. Kutosoma.)

Mama Zuhura aliponipokea mlangoni mwa ukumbi nikamwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikia, akayapima yale makaratasi kwa mkono akasema, "Mwanangu, mbona tumekuwa wengi hivi?" Nami kwa kiburi changu nikamjibu kwamba ni maandishi ya printa, yanachukua nafasi.

Mkutano ukaanza kama kawaida kwa kusimama kimya kuwakumbuka waliotutoka tangu mkutano uliopita, na mmoja wao alikuwa Mzee Mbugua, aliyekuwa dereva wa treni. Mjane wake, Mama Wairimu, alikuwa amefunga kitambaa cheusi. Tukaketi, nikaanza kusoma.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu. Jina lako likiitwa unasema "nipo," na ukikosa kuitika mikutano kadhaa unahesabiwa umejitoa chamani. Kwa hiyo kama jirani yako amechelewa, wewe unamuitikia: "Yuko njiani." Kila mtu ana mtu anayemuitikia. Mzee Mbugua, kwa ajili ya zamu za treni, alikuwa anachelewa kila mara, na aliyekuwa akimuitikia miaka yote ni Otieno, fundi viatu, rafiki yake wa chanda na pete.

Nilikuwa nimeshapata mdundo, sauti imekaa vizuri, Baba anatikisa kichwa kwa kuridhika, macho yangu yako mstari mmoja mbele ya mdomo, nikasikia mdomo unasema, "Stephen Mbugua Karanja."

Na Otieno kutoka nyuma, bila hata kufikiri, akaitikia, "Yuko njiani."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Otieno akajifunika uso kwa kofia. Mtu mwingine angeacha kusoma, lakini mimi nikajiambia hilo ni kosa moja, nikipita haraka litasahaulika, basi nikaongeza mwendo, na jina lililofuata likawa la mama mmoja tuliyemzika zamani, na lililofuata hilo likawa la bwana aliyegombana na chama akahamia mtaa wa Lucky Summer akiapa hatakanyaga tena Makongeni. Mtu akanong'ona, "Leo wanarudi wote." Nikatazama aliko Baba, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hebu pumzika kidogo, mwanangu," akasema Mama Zuhura. "Hawa umewatoa wapi?"

Nikaeleza. Niliwaambia habari ya vinyota, na jinsi kompyuta ya kwanza ilivyowaweka watu wote na kuwaruka waliowekewa alama, na kwamba wakati wa kuhama nilisahau kuiambia iwaruke, na ile karatasi ya maandishi matupu haina mahali pa kinyota. Ajabu ni kwamba watu walisikiliza.

"Yaani ile ya kwanza inajua amekufa," akauliza Mama Zuhura, "na hii ya pili haijaambiwa?"

"Ndiyo, Mama. Mimi ndiye ningeiambia."

Baba akasimama. Akasema, "Nilisema akiharibu nimeharibu mimi. Mama Wairimu, utusamehe." Iliniuma kuliko kama angenichapa.

Mama Wairimu akainuka. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Tangu nimzike, hapa mtaani hakuna mtu amelitaja jina lake mbele yangu. Nikifika bombani mnanyamaza. Mkishindwa kabisa mnasema 'yule mzee.' Leo ndiyo mara ya kwanza nalisikia lote." Kisha akanigeukia. "Njeri, lisome tena."

Nikatazama Mama Zuhura, akaniinamishia kichwa. Nikasoma. "Stephen Mbugua Karanja."

Safari hii aliyeitika ni Mama Wairimu mwenyewe. "Hayupo," akasema, akaketi, na wanawake waliokuwa karibu naye wakamshika.

Kura ilipigwa, na niliupata ukatibu, kwa sharti kwamba majina niyaandike pia kwa mkono mpaka hiyo mitambo itakapojifunza adabu. Tulipofika mlangoni nyumbani, Baba akaniuliza kama kwenye ile kompyuta ya kwanza Mbugua bado yumo. Nikamwambia yumo. Akasema, "Sawa," akaingia ndani.

Nimehamisha mengi tangu wakati huo, programu baada ya programu, na niliapa sitasoma tena mbele za watu kitu ambacho sijakisoma peke yangu. Basi kila nikihamisha majina najifungia chumbani na kuyasoma yote kwa sauti, na nikifika kwa mtu ninayejua amekufa, nasimama kidogo, nisikilize kama kuna anayemuitikia.