Moja ya Baba

Namba elfu sabini naichukia hadi leo. Kwetu kisiwani Chovai, mtu akifa, jamaa zake humsomea tahalili, "Laa ilaha illa Llah", mara elfu sabini. Nyumbani kwetu tuligawana mafungu sawasawa, asizidi mtu wala asipungue. Tulipomsomea bibi tulikuwa wanne, baba akiwemo, na kwa wanne namba ile hukatika vizuri.

Kisha Wataliani wakamchukua baba kule Kismayo, wakampeleka vitani Uhabeshi. Ikaja habari ya kifo, maiti haikuja. Tukaketi watatu: mama, shangazi na mimi. Nikagawa maelfu, ikabaki elfu moja. Nikaigawa hiyo, ikabaki mia moja. Katika mia ikabaki kumi, na katika kumi ikabaki moja.

"Niisome mie?" nikauliza.

Mama akanitolea macho. "Iwache. Ataisoma mwenyewe."

Tukaiacha. Elfu sabini haikutimia, kwa hiyo baba hakuwa amekufa sawasawa. Mama akawa anamwekea chakula kila jioni, na mimi nikawa namsikia mtu mlangoni akivuta pumzi, kama anayetaka kuanza kusoma.

Miaka ikapita, mama naye akafariki. Shangazi na mimi tukaketi kumsomea, nikagawa kwa wawili. Nikagawa tena, na tena, nikiitafuta ile moja, mpaka shangazi akanishika mkono. Haikubaki.

Na mlangoni, tangu siku hiyo, simsikii mtu.