Buibui wa Ua wa Kukhu

Juzi hapa Malaba, ninakofanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, dereva mmoja aliniita nitazame kioo cha pembeni cha lori lake. "Boss, hii kitu iko na pembe. Ikiniuma, kweli nitafika Kampala?" Nilitazama. Mgongo mpana, mgumu, wa manjano, wenye madoa meusi na miiba myekundu kandokando. Nikamwambia ni buibui tu, hana shida, aendelee na safari. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya lori, maana aibu ilikuwa imenijaa usoni, mtu mzima mimi.

Rafiki yangu, mimi nimelelewa Busibwabo, na boma la kukhu, nyanya yangu mzaa baba, lilizungukwa na ua wa kayaba, miti ya miiba, mrefu kuliko mtu. Asubuhi ungekuta buibui hao wametanda nyuzi zao toka tawi hadi tawi, umande umezijaa, nasi watoto tukitumwa maji tulipita tumeinama tusizikate. Kukhu alitaka hivyo. Alisema wanakula mbu, tuwaache. Jioni tulikula naye sahani moja, ugali mweusi wa muhogo na mtama, kwa mboga ya mrenda, na simsim, yaani ufuta, aliyoitwanga mwenyewe. Harufu ya simsim ile ikikaangwa bado ninayo puani.

Siku moja nikichuma matunda ya kayaba, mkono ulinivimba hadi kwenye kiwiko. Mama, ambaye na kukhu hawakuwa wakiiva chungu kimoja, alimkamata buibui aliyekuwa karibu, akamtia kwenye chupa, akaenda kumwuliza kukhu mbele ya majirani, "Hii midudu ya pembe unafugia nini, kama si uchawi?" Akanikataza kula kwake. Kulipokucha kukhu alichukua panga akaukata ua wote, mikono ikimtoka damu kwa miiba, akauchoma, ili tu nirudishwe kwake.

Jioni hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi, aliyeona nashindwa kushika kalamu, alikuja nyumbani. Mama akamwonyesha chupa. "Mama, huyu hana shida na mtu," mwalimu alisema. "Hii miiba ni ya kuzuia ndege wasimmeze." Akanikunjulia mkono, akautoa mwiba wa nyuki kwa ukucha. Mama hakwenda kuomba msamaha. Alinituma tu nikale kwa kukhu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kukhu alipakua sahani mbili. Kabla ya kunisogezea yangu, alimega tonge humo, akala, akafungua mdomo nione amemeza. "Sasa kula, mjukuu."

Siku hizi watu wanazungushia boma mabati, na buibui wale huwaoni tena. Ua ungeweza kupandwa upya. Lakini kukhu alikionja chakula changu mbele yangu kila mara, hadi alipofariki, na kwetu hakuna hata mmoja aliyemwambia aache.