Mkono wa Mwanaidi

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, Bi Batuli huweka mgongo wa kiganja chini ya pua ya mumewe. Mzee Issa hata hafumbui macho.

"Nipo," husema. "Injika chai."

Bi Batuli, jirani yetu hapa Kilwa Kisiwani, aliosha maiti za wanawake kwa miaka ishirini na zaidi. Aliacha miaka minne iliyopita, siku alipomwosha jirani mwingine, Mwanaidi. Alipokuwa akimgeuza ubavu, vidole vya Mwanaidi vilifumbata mkono wake, vikabana, vikaachia. Bi Kadija, aliyekuwa akimwagia maji, alisema ni mishipa tu. Mwili ulikuwa baridi, watu wamejaa barazani, kaburi limeshachimbwa. Mwanaidi akazikwa kabla ya alasiri.

Baadaye daktari mmoja wa Kilwa Masoko alimweleza Bi Batuli jinsi misuli ya maiti inavyokakamaa. Shehe alimwambia malaika wa mauti hakosei nyumba. Bi Batuli aliwaitikia wote wawili.

"Wanasema kweli," aliniambia. "Lakini mkono ulioshikwa ni wangu."

Tangu hapo, akienda kisimani huzunguka njia ndefu. Hataki kupita karibu na makaburi, asije akasikia kitu.

Alhamisi iliyopita alifariki Bi Amina, wa nyumba ya tatu. Bi Kadija, ambaye sasa mkono wake mmoja umepooza, akaja kumwita.

"Siwezi, dada."

"Huwezi? Na ukifa wewe je, utajiosha mwenyewe? Mwenzako amelala pale anangoja maji!"

Bi Batuli akajifunga kanga kiunoni.

Mimi nilikuwa nikichota maji na kuyapokeza nje ya pazia. Ndoo ya kwanza ilikaa bila kuguswa. Nilimsikia Bi Kadija akinong'ona, "Batuli, mwachie mkono. Jua linakwenda."

Nikapokeza ndoo ya pili.

"Batuli, watu wanangoja."

Ilipita saa nzima ndipo maji yakaanza kumwagika.

Tuliporudi kutoka msibani nilimuuliza jambo ambalo kwa miaka yote minne sikuthubutu kulitaja.

"Bibi, Mwanaidi alikuwa amekufa?"

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Leo nimemshika Amina mpaka vidole vyangu vikapoa kama vyake, na yeye pia sijui."