Tulipanda Bila Chumvi

Kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka chumvi? Nimejiuliza swali hili kanisani, ofisini, na kitandani nikiyatazama mabati ya nyumba yangu ya mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Kila jibu ninalolipata hunitosha kwa siku moja, kisha hunikimbia.

Tulikuwa watatu, marafiki tangu chuo kikuu, sasa sote tuna mvi. Mmoja ni mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, na baba yake ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumchukua. Wa pili hununua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi pale ufukweni Kituku na kuzikausha, na mdomo wake haupumziki. Mimi ni mtoto wa karani aliyehamia Goma kutoka upande wa Bukavu. Milima niliifahamu kwa kuwa nilimfahamu rafiki yangu.

Zamani, kila likizo kubwa, tuliazima pikipiki na kupanda kwao. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyehitaji kulieleza: anayepanda kwa mfugaji hubeba chumvi ya ng'ombe. Mtoto wa nyumba akirudi kutoka mjini huingia kwanza zizini, chumvi ikiwa kiganjani, kabla hajamsalimu hata mama yake. Tulifunga gunia nyuma ya kiti, mvua ikalilowesha, na maji yake yakatuchuruzikia kwenye suruali. Tuliporudi Goma na mabaka meupe miguuni, watu walijua tumetoka wapi.

Safari hii ilikuwa nyingine. Kilima kile kilikuwa karibu kitupu. Majirani walikuwa wamevikimbia vita na kushuka na watoto wao, ng'ombe wengi walikuwa wameporwa, na mama wa rafiki yangu alikuwa amekufa. Baba yake, Muzee kama tulivyomwita sote, alibaki na ng'ombe wachache waliosalia. Kila mara mwanawe alipompigia simu kumwomba ashuke, alijibu kwa swali lile lile: nani atakamua? Kwa hiyo tuliamua kwenda wenyewe. Mwana angembeba baba yake. Muuza sambaza angebeba godoro na nguo. Mimi ningebeba vyombo na picha ya marehemu mama. Tukaacha nyuma ya viti patupu na kuchukua kamba za kufungia mizigo, pamoja na koti moja la mvua la ziada.

Baada ya mji mdogo wa Sake barabara ilianza kupanda, na tope likaanza. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilishuka zimejaa viazi, wenyewe wakizikanyagia breki kwa visigino. Kwenye kila kizuizi tulizima injini, tukavua kofia, tukawajibu vijana wenye bunduki kwa sauti ya upole ambayo watu wa umri wetu hawapaswi kuitumia mbele ya vijana. Pikipiki yangu iliteleza mara nyingi kuliko za wenzangu.

"Profesere," muuza sambaza alinipigia kelele, "ukianguka, anguka upande wa mulima! Ukianguka upande ingine, tutakuokota kwa Sake!"

"Na wewe funga mudomo, tope itaingia."

"Iingie! Nimemeza vumbi ya Goma miaka yote, tope ya Masisi itanifanya nini?"

Mwana wa Muzee hakucheka. Alikuwa mbele, na kila alipogeuka niliona midomo yake ikicheza; nilijua anafanyia mazoezi hotuba atakayompa baba yake.

Tulifika alasiri, ukungu ukiwa umekaa juu ya mikaratusi. Ng'ombe walitusikia kabla ya mtu yeyote. Walikuja mbio mpaka kwenye ua, wakapanga vichwa juu ya miti ya mlango wa zizi, wakatoa ndimi. Kwao sauti ya pikipiki ilikuwa bado na maana moja tu. Nyuma yao akaja Muzee na fimbo yake, amekonda, kofia yake ile ile. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akaziangalia pikipiki.

"Karibuni, batoto. Chumvi iko wapi?"

Rafiki yangu alitazama nyuma ya pikipiki yangu. Mimi nilitazama nyuma ya ile ya muuza sambaza. Huyu alipapasa nyuma ya kiti chake, kana kwamba gunia lingejitokeza.

"Papa," mwana alisema, "tumesahau."

"Mumesahau." Muzee alisogea akashika kamba iliyoviringishwa nyuma ya kiti. "Kamba hamukusahau."

Hakutufokea. Alitukaribisha ndani, akatupa maziwa na viazi, akauliza habari za watoto wetu. Tulipomaliza kula, kukiwa bado na mwanga mlangoni, mwana alikohoa na kuanza hotuba yake. Baba yake aliinua mkono.

"Usijichokeshe. Nilikuwa najua mutakuya siku moja na kamba. Nikasema kwa roho: bakikuya na chumvi, nitabakatalia, na batarudi peke yabo. Mutu mwenye kuleta chumvi anajua bangombe bangali wazima. Lakini wewe, mutoto wangu, kwa kichwa yako bangombe bangu bamekwisha kufa."

"Hapana, papa. Ni mawazo ya njia, ni vile vizuizi..."

"Sina kasirani. Nilikuwa nabachunga juu yako, ili ukirudi ubakute. Kama umekwisha kubazika, minabachunga juu ya nani? Kesho asubui tunashuka."

Neno hilo ndilo tulilolifuata mlima mzima. Rafiki yangu alipiga magoti kana kwamba amenyimwa.

"Papa, ngoja! Kesho nitashuka Sake, nilete chumvi, gunia mbili!"

"Ya nini?" Muzee aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

Tulikuwa tumeshinda, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Nilikiona chumba kinachomngoja: nyuma ya nyumba ya mwanawe, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Nilimwona amekaa juu ya jiwe jeusi la volkano mbele ya mlango, kama wazee wengine wa mtaani kwetu walioshuka kutoka vilimani, ambao hakuna anayewauliza kitu kwa sababu yote waliyoyajua yalibaki juu. Na mji wenyewe hauna usalama wa kumpa mtu. Una watu wengi tu walioogopa pamoja. Ningeweza kumwambia abaki. Lakini kubaki nako kulikuwa ni kungoja siku ambayo watu wenye bunduki wangewarudia ng'ombe wa mwisho na kumkuta yeye mlangoni. Nilitafuta neno la tatu na sikulipata. Silipati hata sasa.

Asubuhi Muzee alikamua kama kawaida, akiwaita kwa majina yao kwa sauti ya chini. Tulikunywa. Maziwa yaliyobaki aliyamwaga mlangoni pa zizi, jambo ambalo mwanawe hakuwahi kuliona akilifanya, naye akageuza uso. Kisha Muzee aliichomoa miti ya mlango mmoja baada ya mwingine. Maisha yake yote alikuwa akiiegemeza kwenye ua ili airudishe jioni. Asubuhi ile aliitupa bondeni, na tulisikia kila mti ukigonga mawe.

Ng'ombe hawakutoka. Walisimama kwenye uwazi ule, wakanyoosha shingo kuelekea pikipiki, ambazo sasa zilikuwa zimejaa godoro, sufuria na picha ya mama. Mmoja alimlamba Muzee kiganja, akarudia, akaacha. Muzee alivaa koti la mvua, akapanda nyuma ya mwanawe, akamshika kiuno.

"Washa," alisema.

Injini ilipounguruma ng'ombe wote walisimamisha masikio. Tukashuka.